Gunia la Alizeti na Kalenda ya Juni

Leo nazungumzia kodi, na najua wapo ambao wakilisikia neno hilo mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kubadilisha stesheni. Ngoja kwanza. Sitakusomea vifungu vya sheria hapa. Nataka tulifuate gunia la alizeti, tangu linaposhonwa mdomo kijijini hadi mafuta yake yanapomiminwa kikaangoni, na kila mahali serikali inapoligusa tuulize: hapa nani ameumia? Jina lililoandikwa kwenye risiti kila mtu analiona. Mimi namtafuta aliyeumia.

Nimechagua alizeti kwa sababu ndiyo fedha ya Singida. Mtama na uwele ni chakula, ng'ombe ni akiba, kuku ni dharura ya usiku wa manane. Lakini mahitaji ya shule, bati la nyumba na mchango wa harusi ya mpwa, siku hizi vinatoka kwenye alizeti, na kwa wengine kwenye vitunguu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, milimita kati ya 500 na 800 kwa mwaka, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba na kukatika Aprili. Katikati ya Februari jua likikaza na mahindi yakaanza kujikunja majani, alizeti inasimama. Basi la kwenda Mwanza au Bukoba likiingia stendi ya Misuna, abiria anafungua dirisha, ananyooshewa dumu la lita 5 lenye mafuta ya rangi ya dhahabu, anabishia bei, analipa. Hapo Singida imeshafanya biashara na taifa.

Turudi kwenye gunia. Ni mwezi wa sita, barabarani, kwenye geti la ushuru. Mazungumzo haya unaweza kuyasikia geti lolote. Kuna kamba imevutwa kukata barabara, kibanda cha bati, na kijana mwenye mashine ya POS mkononi. Fuso linasimama. Juu kuna magunia ya mama mmoja anayeyapeleka mjini kukamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Gunia ngapi?"

"Kumi."

"Haya, tulipie kumi."

"Mwanangu, kumi hizi hazifiki tani. Si walisema chini ya tani moja hakuna ushuru?"

Kijana anayatazama. Kila gunia limejazwa likapita mdomo, juu likaongezewa kofia ya nyavu na kushonwa kwa kamba. "Kwa ujazo huu zinafika, mama."

"Basi pima."

Hapo kijana hana jibu, maana geti halina mizani. Lina kamba, mashine ya risiti na kiti cha plastiki.

Mama yuko sahihi kisheria. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha mabadiliko ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Ushuru wa mazao, ambao ulikuwa unafika asilimia 5, ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachiwa apite. Gunia la alizeti la kawaida ni kilo 65 hivi, kwa hiyo kumi ni kilo 650. Sheria inahesabu kilo, geti linahesabu magunia, na katikati ya hesabu hizo mbili ndimo ugomvi wote wa barabarani unamozaliwa.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: sheria hiyohiyo inamtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji wa ushuru wa mazao. Mkulima hatajwi. Nenda kijijini, muulize mkulima kama anajua hilo. Atacheka. Mnunuzi akija na lori lake anajua kuna asilimia 3 mbele ya safari, kuna mafuta ya lori, kuna vibarua wa kupakia. Vyote hivyo anavitoa kichwani kabla hajataja bei. Akisema "kilo nanunua 900", mkulima anaiona 900 tu. Ushuru umeshalipwa na mkulima palepale chini ya mti, na risiti itakatwa baadaye getini kwa jina la mtu mwingine.

Wataalamu wa uchumi wana kanuni juu ya jambo hili, nami nitaisema kwa maneno ya sokoni: kodi humwangukia asiyeweza kusubiri. Mnunuzi akiona bei haimpi, anageuza lori, anakwenda Dodoma au Simiyu, au anarudi wiki ijayo. Mkulima hana lori la kugeuza. Magunia yako sebuleni, panya wameshaanza kazi, mtoto anatakiwa kuripoti shule na godoro na ndoo, na deni la pembejeo lina mwenyewe. Sheria inaweza kuandika jina la yeyote inayemtaka. Mzigo utateleza mpaka umfikie yule asiye na pa kuusukumia.

Ukilikubali hilo, utaiona ile nafuu ya mwaka 2017 kwa jicho jingine. Bungeni ilipigiwa makofi kama zawadi kwa mkulima. Lakini kama mzigo ulimwangukia mkulima kwa sababu ya udhaifu wake mbele ya mnunuzi, kwa nini nafuu ije kwake yote? Kijiji chenye wanunuzi watano wanaogombania mzigo, nafuu itamfikia, maana watapandishiana bei. Kijiji chenye mnunuzi mmoja anayekuja Jumanne, nafuu itabaki mfukoni mwa huyo wa Jumanne. Upande wa pili, halmashauri ilipoteza fedha ya nafuu hiyo yote, bila kujali nani alifaidi.

Na fedha ya halmashauri kwenye mikoa kama wetu ni nini? Hatuna bandari, hatuna hoteli za watalii. Ukitoa manispaa, yenye leseni na maegesho, halmashauri kama Mkalama, Ikungi au Iramba zinategemea mazao na minada ya mifugo. Kwenye mapato hayo ya ndani ndiko inakotoka ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ndiko pia linakotoka fungu la miradi midogo, zahanati inayongoja milango, boma la darasa linalongoja kupauliwa. Kwa hiyo ushuru wa mazao ukipungua, kikundi cha akina mama cha kufuga kuku kinapata mkopo mdogo, na hakuna atakayekiambia kwamba sababu ni alizeti.

Sisemi ushuru upandishwe tena. Nasema tukipunguziwa kodi tuulize nafuu imeishia kwa nani, kama tunavyouliza tukiongezewa.

Wazee wetu kwa mambo haya wana kumbukumbu ndefu kuliko wizara. Mkoloni Mjerumani alileta kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza akaiendeleza na kuongeza ya kichwa. Haikuwa fedha ya kujenga kitu hapa, kusudi lake kubwa lilikuwa kumtoa mtu nyumbani. Vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda kukata mkonge mbali, umanamba, ili wapate fedha taslimu ya kodi, maana ng'ombe hakupokelewa dirishani. Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, kisha mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Ziliporudi miaka ya 1980 zilikuta hazina chanzo, ikaanzishwa kodi ya maendeleo, kila mtu mzima alipe. Hapo ndipo zinapotoka hadithi za mgambo: wanaume wanalala milimani kwenye yale majabali yetu, wake zao wanawapelekea ugali gizani. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na rundo la ushuru wa kero, na serikali kuu ikaahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku. Tangu hapo uti wa mgongo wa halmashauri ni fedha inayotoka Hazina, na anayekulisha ndiye anayekupangia saa ya kula.

Turudi getini, kwa sababu kuna kodi pale ambayo haimo kwenye sheria yoyote. Lile gunia lililovaa kofia lina jina, kila mtu analijua: lumbesa. Kwenye soko la vitunguu la Misuna lumbesa imepigiwa kelele miaka na miaka. Wakala wa Vipimo wamekuja, wakuu wa wilaya wamefoka, wenye magunia wamepigwa faini. Lumbesa ipo.

Ipo kwa nini? Tunapenda kusema ni ulafi wa madalali, na ulafi upo. Lakini tazama na namna ushuru unavyokatwa. Kama halmashauri inatoza kwa gunia, basi gunia likinenepa, ushuru kwa kila kilo unapungua. Mnunuzi akiweka kilo 130 kwenye gunia linalohesabiwa kuwa la 100, amesafirisha kilo 30 bila ushuru, na vilevile amemnyang'anya mkulima kilo 30 bila malipo. Halmashauri imempa sababu ya kununua lumbesa, kisha inatuma askari wake kumkamata kwa kununua lumbesa. Mimi nadhani mizani moja ya jukwaa pale getini ingefanya kazi ambayo mikutano ya hadhara imeshindwa. Ukitoza kwa kilo, kofia ya gunia haina faida tena kwa upande wa ushuru. Mkulima bado atakuwa na vita yake na dalali, lakini angalau serikali haitakuwa upande wa dalali.

Na kilo 30 kati ya 130 ni nini? Ni asilimia 23 ya mzigo. Tumetoka kubishana kwa saa nzima juu ya asilimia 5 na asilimia 3.

Kuhusu kile kinachotokea baada ya risiti kukatwa nitapita haraka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, mwaka baada ya mwaka, zinataja halmashauri ambako fedha zilikusanywa kwa mashine za POS na hazikufika benki. Mkoa baada ya mkoa. Mkaguzi anaandika, kamati ya Bunge inaita, mtu anahamishwa. Endeleeni kusoma wenyewe, ripoti hizo zinatoka kila Aprili.

Sasa gunia limefika mjini, kiwandani. Wapo wa mashine ndogo za kukamua mitaani, na wapo wakubwa kama Mount Meru Millers. Linamwagwa, mbegu zinapita kwenye mashine, mafuta huku, mashudu kule. Mashudu ni ya kuku na ng'ombe, wala si takataka, mara nyingi ndiyo yanayompa mwenye mashine faida yake. Na hapa tunakutana na kodi ambayo wakulima wa Singida wenyewe wanaiomba. Hii ni ajabu kidogo, mkulima kuomba kodi. Ni ushuru wa forodha kwa mafuta ya kula yanayotoka nje.

Mwaka 2021, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana na wadau wa alizeti hapa Singida, hesabu ya serikali ilikuwa hivi: nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, inazalisha tani 205,000 hivi. Pengo linazibwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Singida, Dodoma na Simiyu zikatajwa kuwa mikoa ya kimkakati, Wakala wa Mbegu za Kilimo wakaleta mbegu za ruzuku, watu wakalima. Kabla ya hapo, bajeti ya mwaka 2018 ilikuwa imepandisha ushuru hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Kila kitu kilikuwa kinamwambia mkulima: panda.

Akapanda. Februari 2022 vita vikaanza Ukraine, moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa alizeti. Aprili Indonesia ikafunga mauzo ya mawese nje ya nchi kwa wiki kadhaa. Bei ya mafuta ikaruka dunia nzima, na Tanzania kelele zikawa za mlaji: mama lishe, mwenye kibanda cha chipsi, mfungwa wa bei ya chupa. Wenye alizeti ya kuuza mwaka ule walinusa fedha. Majirani waliona, na msimu uliofuata wakaongeza mashamba. Kisha bei ya dunia ikashuka kwa kasi ileile iliyopandia, mafuta ya nje yakajaa madukani, na msimu wa mwaka 2023 mkulima wa Mkalama akakuta bei imeanguka vibaya. Wabunge wa mikoa ya kati walisimama Dodoma wakilalamika kwamba mlango umeachwa wazi kwa mafuta ya nje huku mkulima ana mzigo ndani.

Tufanye hesabu ya karatasi, kwa bei za mfano tu. Tuseme lita ya mafuta imefika bandarini kwa shilingi 3,000. Ushuru ukitoka asilimia 35 kwenda 25, lita imepungua shilingi 300. Lita moja ya alizeti inatoka kwenye kilo tatu na nusu hivi za mbegu kwa mashine zetu za kawaida. Gawa: ni kama shilingi 85 kwa kila kilo ya mbegu. Sasa linganisha na ushuru wa mazao. Kilo ikiwa 1,000, kushuka kutoka asilimia 5 hadi 3 ni shilingi 20. Uamuzi mmoja wa forodha, unaofanywa mbali kabisa na Nduguti kule Mkalama, una uzito zaidi ya mara nne wa ule ushuru tunaotoleana macho getini. Na bei ya dunia ikishuka nusu, hata hizo 85 zinafunikwa. Kwa hiyo wanaosema ushuru mwepesi ndio uliowaua wakulima mwaka 2023 wanasema sehemu tu ya kweli. Bei ya dunia iliwaangusha, na mlango wa forodha ulipaswa kuwa pale kuwapunguzia mshindo.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu nani analipa ulinzi huo. Anaulipa mlaji. Anaulipa mama wa Tandale anayenunua mafuta ya kupima kwa kikombe, na anaulipa mwalimu wa Manyoni. Tena anaulipa mkulima huyohuyo, maana nyumba nyingi za Singida huuza mbegu yote mwezi wa sita na kununua mafuta dukani mwezi wa kwanza. Mwenye ekari moja anayeuza magunia manne na kununua mafuta mwaka mzima, faida yake kwa ushuru huu ni nyembamba sana. Mwenye ekari 20 ndiye hasa anayelindwa, na mwenye kiwanda. Mimi binafsi naunga mkono ulinzi huu, kwa sababu fedha inayobaki nchini inazunguka hapa, na kwa sababu nchi inayokula mafuta ya wengine itapigwa kila meli zikigoma. Lakini naunga mkono nikijua kwamba anayetoa ni maskini wa mjini na anayepokea ni mkulima mwenye mzigo mkubwa. Mtu akikuambia ulinzi ni bure, mwangalie mara mbili.

Ila kwangu kiwango, kiwe 25 au 35, ni jambo la pili. La kwanza ni kalenda.

Alizeti inapandwa Desemba na Januari. Inavunwa Mei na Juni. Bajeti ya Taifa inasomwa katikati ya Juni, na viwango vipya vya forodha vinaanza tarehe 1 Julai. Viwango hivi vya mafuta, kwa kuwa vinakwenda kinyume na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinaombewa ruhusa ya mwaka mmoja mmoja. Maana yake mkulima anatia mbegu ardhini chini ya kiwango kimoja, na anatia mbegu guniani chini ya kiwango ambacho hakuna aliyemwambia. Waziri anaposimama na mkoba wake pale Dodoma, alizeti ya Singida imeshakatwa, imeshapigwa, imeshapepetwa. Mkulima hawezi kujibu chochote. Hawezi kupunguza ekari zilizokwisha kuvunwa. Mwagizaji wa mawese, yeye anaweza: akinusa kwamba Julai ushuru utashuka, anachelewesha meli, akinusa utapanda, anajaza maghala mwezi wa tano. Ile kanuni ya asiyeweza kusubiri imerudi, na safari hii ni serikali iliyopanga nani asubiri na nani asisubiri.

Serikali kubadili mawazo katikati ya safari hapa Singida si jambo la leo. Miaka ya 1930 Mwingereza alijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, ambayo leo iko Mkalama, ili kuchukua nafaka na mazao ya nyanda hizi. Ilijengwa kwa fedha za umma, mataruma yakalazwa, stesheni zikasimama. Mapato hayakutimia, na miaka ya 1940 reli zikang'olewa. Baada ya uhuru taifa likaja kugharamia upya tawi la Manyoni hadi Singida, kilomita 115, kwenye nchi ileile. Nani alilipia ile ya kwanza? Mlipa kodi. Nani alilipa kuing'oa? Huyohuyo. Na mfanyabiashara wa Kinyangiri aliyejenga duka karibu na stesheni, akabaki na duka bila stesheni, yeye hayumo kwenye hesabu yoyote ya serikali.

Mtaniambia mbona serikali ikibanwa hurekebisha haraka? Kweli, nami nina mfano, tena una harufu ya nyumbani. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, ikiletwa na Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, Mbunge wa Iramba Magharibi, ambaye tangu Novemba 2025 ni Waziri Mkuu. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala. Nia ilitajwa wazi: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Na vituo vilijengwa, tusiwe wachoyo wa ukweli. Lakini mtoto aliyeko Kariakoo anayemtumia mama yake Kiomboi elfu ishirini aliikata hesabu mara moja. Watu wakarudi kumpa kondakta bahasha. Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000, Oktoba ikafutwa kwenye baadhi ya miamala ya benki, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha. Ndani ya miaka miwili serikali imerudi nyuma mara nne.

Kwa nini? Kelele zilisaidia. Lakini kilichosaidia zaidi ni kwamba mtu wa simu alikuwa na pa kukimbilia. Alikuwa na kondakta na bahasha, alikuwa na jirani anayesafiri. Kila aliyekimbia aliondoka na fedha ya serikali, na serikali iliuona upungufu kwenye mizani yake yenyewe. Mwenye alizeti akiumizwa na kalenda, mizani ya Hazina haitikisiki. Anaumia nyumbani. Msimu ujao anapunguza ekari, anarudi kwenye mtama, na miaka miwili baadaye wizara inashangaa kwa nini viwanda vya kukamua vinafanya kazi miezi minne kwa mwaka.

Basi ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha mwenye kuamua, ningeomba mawili, na yote si ya gharama. Kiwango cha ushuru wa mafuta kitangazwe kabla ya mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zisije zikamkuta mtu hajui, na kitangazwe kwa miaka mitatu, hata kama kitakuwa kidogo kuliko tunachotaka. Asilimia 25 inayojulikana inamsaidia mkulima kuliko 35 inayoweza kuwa sifuri. Najua ruhusa ya Jumuiya ni ya mwaka mmoja. Basi wenzetu wa Kenya na Uganda nao wana wakulima wa mbegu za mafuta, kuna la kuzungumza nao pale Arusha. La pili ni mizani kwenye kila geti, na risiti iandike kilo.

Hili la pili halihitaji Arusha wala Dodoma. Linahitaji baraza la madiwani la hapahapa. Baraza hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Robo ya Januari hadi Machi ndiyo wanayopitisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka unaofuata, kwa hiyo anayetaka mizani ya msimu ujao amwone diwani wake mapema, kabla kitabu cha makisio hakijafungwa, amwulize fungu la mizani liko ukurasa wa ngapi.

Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU, na kwa nini mpangaji wa chumba kimoja pale Mwenge amegeuka mlipa kodi wa nyumba ya mtu mwingine.